Gramu Mbili za Hewa

Kaka yangu Jamaludin akiwa na neno zito hulisema kwa sauti ya chini, tena akiwa karibu na mlango. Jumapili ile alikuja Junda na mfuko wa machungwa, akampa Mama shikamoo, akaketi naye kidogo, kisha akanifuata jikoni.

"Raihana, lile gari la Baba nimelipatia mtu. Atakuja Jumamosi kulivuta. Analitaka kwa spea."

Nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Nikasimama.

"Umemwambia Mama?"

"Utamwambia wewe. Wewe ndiye unayekaa naye."

Baba yetu, Mzee Khamis, alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo. Tangu siku hiyo Mama alikuwa amekaa eda: hatoki nyumbani, hajipambi, hajipaki wanja wala hajitii manukato, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mimi nilihama kwangu nikaja kukaa naye. Muda wote huo hakuomba kitu. Neno moja tu alilisema, siku ya hitima, wanawake wote wakisikia: "Siku nitakayotoka eda, nitatoka kwa gari la marehemu, niende Bofu nikamwone wifi yangu." Wifi mwenyewe ni shangazi yetu Bi Mwanaima, dada wa pekee wa Baba. Miguu yake haimbebi tena. Hakuweza kuvuka kivuko kuja matangani, akamlilia nduguye kwenye simu. Na eda ilikuwa inakwisha Alhamisi ya wiki hiyohiyo, jua likizama.

"Gari lile halikuwa na ila," nikamwambia Jamaludin. "Baba alikwenda nalo msikitini mpaka wiki yake ya mwisho."

"Lilikuwa. Sasa ukiliwasha latetemeka, dakika mbili limezima. Nimemleta Tinga fundi akalisikiliza. Asema injini imechoka."

"Akalisikiliza? Kwani ni kaswida?"

Alicheka bila kupenda, nami nikamshika hapohapo. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa. Akachukua chungwa moja katika yale aliyotuletea mwenyewe, akalirusharusha mkononi akifikiri.

"Likifika Bofu siku ya Ijumaa kwa magurudumu yake, silitaji tena," akasema. "Lisipofika, Jumamosi lavutwa."

Jamaludin si mtu mbaya. Nadhani ilimuuma kuliona gari lile uani kila akija, limesimama pale kwenye kivuli cha ukuta na mwenyewe hayupo. Ndiye pia aliyezitoa sadaka nguo zote za Baba siku ya tatu, upesiupesi, kama mtu anayetoa mwiba. Lakini siku ile sikuyafikiria hayo. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa na akili nusu.

Magari mimi siyajui. Najua kuendesha, basi. Kazi yangu ni ukarani katika yadi moja ya makontena Port Reitz, na kazi hiyo imenifunza jambo moja: mtu akikwambia kontena halipo, mara nyingi maana yake ni kwamba hajaenda kulitazama. Maneno ya Tinga niliyapima kwa kipimo hicho. Injini gani itakayochoka kwa kusimama kivulini? Tena mtu wa mwisho kuifungua alikuwa yeye mwenyewe, alipolifanyia gari sevisi wiki moja kabla ya msiba. Nikaunganisha hili na lile. Niliunganisha haraka mno, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Kazini kuna mwenzangu aliyewahi kunieleza kwamba magari ya siku hizi yana kompyuta tumboni, na kwamba ukiwa na kebo yake waweza kuisoma kwenye laptopu yako nyumbani. Jumatatu nikitoka kazini nikapitia Kongowea, kwenye kibanda cha Cheryl, msichana wa bara anayeuza chaja na spika na kila kitu chenye waya.

"Hii ndio unataka, madam," akasema, akishusha boksi dogo kutoka juu. "Huku unachomeka kwa laptop, huku kwa gari. Inasoma gari karibu zote, hata za kitambo."

"Na ikikataa?"

"Kebo haikatai. Watu ndio hukataa kusoma maagizo."

Nikampenda msichana yule.

Maagizo yenyewe yalikuwa karatasi moja yenye Kichina upande huu, na upande huu Kiingereza cha mtu aliyekuwa na haraka zake. Boksini mlikuwa pia na sidii ndogo, nayo laptopu yangu haina pa kutia sidii. Nikampigia Cheryl, akanitumia anwani ya kuipakua programu mtandaoni. Nikaipakua. Ikaingia, na papo hapo kinga ya virusi ya laptopu ikaitupa nje kabla sijaitia machoni. Nikaipakua tena, nikaiambia kinga ikae kando. Programu ikatulia, ikafunguka vizuri, ina saa za duara kama za dashibodi, mishale yote imelala kwenye sifuri. Nikajiona nimefika.

Nilikuwa sijafika popote. Jua lilikuwa bado lipo, nikaibeba laptopu mpaka garini. Tundu la kuchomekea liko chini ya usukani, mahali ambapo mtu mzima hawezi kupaona ila ajipindue kichwa chini. Nikajipindua. Buibui likanasa kwenye kanyagio la breki.

"Raihana!" Mama aliita kutoka barazani.

"Abee, Mama."

"Wafanyani humo?"

"Natafuta tundu, Mama."

"Tundu la nini, mwananangu?"

"La kuliuliza gari lina nini."

Mama ni mtu wa kutaka kujua, hilo nimelirithi kwake, ila yeye huuliza taratibu. Akateremka mpaka karibu na mlango wa gari, mikono nyuma, akaitazama kebo.

"Na laulizwa likajibu?"

"Likiulizwa vizuri."

"Basi haki yake. Hata mimi nikiulizwa vibaya sijibu."

Siku hiyo halikujibu. Programu iliandika kwamba hakuna kebo, na kebo nilikuwa nimeishika mkononi. Jumanne nikampigia Cheryl tena wakati wa chakula cha mchana. Kumbe kebo nayo inataka programu yake ndogo ya kuitambulisha kwa laptopu, na hata ikishatambulishwa hukaa kwenye mlango wenye namba, na ile programu kubwa lazima iambiwe namba hiyo. Yangu ilikuwa inasikiliza mlango wa tatu, kebo imekaa wa saba. Siku nzima nilikuwa nabisha hodi kwa jirani.

Alasiri ya Jumanne nikatia namba saba. Bado kimya. Nikasonya, nikalipiga dashibodi kofi. Mama, ambaye safari hii alishajiletea kigoda uani, akauliza kwa upole, "Sasa gari limelala, litakujibu vipi?"

Nikautazama ufunguo. Sikuwa nimeutia. Nikautia, nikauzungusha mpaka taa za dashibodi zikawaka, bila kuwasha injini. Kwenye laptopu mstari wa kijani ukatambaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ile mishale ikaanza kuinuka mmoja mmoja.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Gari lile nimelipanda miaka kumi na sikujua kwamba muda wote huo lilikuwa likijisemea. Volti za betri: kumi na mbili na nusu. Joto la maji: thelathini na moja. Nikikanyaga petroli kidogo, namba inapanda, nikiachia, inashuka. Nikakanyaga na kuachia kama mara ishirini, bila sababu. Nikamwita Mama aone. Akaja akainama dirishani.

"Na hino?" akagusa namba moja kwa ncha ya kidole.

"Hiyo ni hewa linayovuta. Sasa ni sifuri kwa kuwa injini haijawaka."

"Waweza kujua hewa linayovuta?"

"Gramu kwa gramu, kila sekunde."

Mama akajivuta nyuma. "Subhanallah," akasema, akarudi kukaa kigodani pake. Mimi nikadhani amestaajabu tu.

Nikaliwasha. Likatetemeka kama alivyosema Jamaludin, taa ya injini ikawaka njano. Lakini kabla halijazima niliwahi kuyaona mawili. La kwanza, programu ilitoa namba ya kosa, na nilipoitafuta mtandaoni nikaambiwa ni hitilafu katika kipimo cha hewa. La pili, namba ya hewa ilikuwa sifuri nukta saba. Nikasoma kwingi. Injini ya ukubwa ule, ikiwa imewaka na imetulia, huvuta kama gramu mbili kwa sekunde. Hili letu lilikuwa linasema halivuti hata moja.

Kwa hiyo injini haikuchoka. Kuna mtu alikuwa amechezea njia ya hewa, na mtu huyo nilikuwa nimeshampa jina.

Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikatoka saa nane. Nilikwenda moja kwa moja gereji kwa Tinga, pale penye njia kuu, nikamkuta amelala chini ya pikapu na wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Sikungoja atoke. Niliizungumzisha miguu yake.

"Tinga! Baba yangu alikuamini. Ulipolifanyia sevisi gari lake ulisema umetia eyaklina mpya. Uliitia, au ulitia takataka ya gari jingine? Na sensa, kile kipimo cha hewa, iko wapi, ile ya asili?"

Miguu ikatulia. Tinga akajisukuma nje polepole. Ni mtu wa makamo, Mdigo, mpole, ana tabia ya kupangusa mikono muda mrefu kabla ya kujibu. Siku hiyo aliipangusa mpaka nikaona haya kidogo, lakini kidogo tu.

"Dada, mimi nilitia eyaklina mpya kwa mkono huu," akasema. "Ile karatasi ya kuchuja hewa, nyeupe, toka kwenye boksi. Na hiyo sensa sikuigusa. Jamaludin aliponiita nilimwambia gari linataka kupimwa kwa mashine. Nilisema sauti yake ni ya injini iliyochoka. Sikusema imechoka."

"Maneno."

"Basi twende tukaifungue, wewe ukitazama."

Wateja watatu walikuwa wameacha simu zao. Mmoja alikohoa. Tinga akachukua bisibisi na koleo, akanifuata.

Mama alipomwona anaingia uani alijifunika vizuri, akarudi ndani. Tinga akafungua boneti. Akaachia vibanio vinne vya lile boksi jeusi la hewa, akainua kifuniko, akatoa eyaklina. Nilikuwa tayari na kidole cha kumnyooshea, kwa sababu kitu alichokitoa hakikuwa cheupe. Kilikuwa cha rangi ya kahawa, kimeganda, mikunjo yake imeshikana kama ukwaju.

"Hiyo ndiyo mpya?" nikasema. "Hiyo ndiyo ya miezi minne?"

Tinga alikuwa ameshasogeza ile karatasi puani. Akanusa, akakunja uso, akanusa tena. Kisha akanipa.

"Dada," akasema, "mimi gereji kwangu sina udi."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya udi. Si ule wa vijiti unaouzwa madukani, bali udi wa kupika, wa sukari na miski na maji ya waridi, ule Mama anaoupika mwenyewe na kuutia kwenye kopo la maziwa. Nyumba yetu miezi minne haikuwa imenuka udi, kwa kuwa mwenye eda hajifukizi. Na huu hapa, ndani ya tumbo la gari.

Tinga akachomoa na ile sensa, kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Akanionyesha ndani. Pana uzi wa waya mwembamba kuliko unywele. Waya huo hupashwa moto, akanieleza. Hewa ikipita huupoza, na kwa kiasi cha kupoa kwake kompyuta hujua hewa kiasi gani imeingia, ndipo ikapima petroli. Wetu ulikuwa umevishwa koti la gundi ya rangi ya asali. Hewa ilikuwa inapita, waya hauisikii, na gari linajipunja petroli likidhani linakosa pumzi.

"Hii husafishika," akasema. "Kuna dawa yake ya kupuliza. Kesho." Akakusanya zana zake bila kunitazama, akaenda. Nilibaki na eyaklina mikononi na aibu usoni, na juu ya vyote hivyo, kiherehere cha kutaka kujua.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, tasbihi mkononi, wala haisomi. Nikaiweka ile karatasi sakafuni mbele yake. Nilikuwa nimepanga kuuliza vizuri. Ikatoka vilevile kama nilivyo mimi.

"Mama, nani amelifukiza gari?"

Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Kwani ndiyo iliyoliua?"

"Nani, Mama?"

"Mimi, mwananangu." Akaiweka tasbihi pajani. "Ijumaa ya kwanza baada ya matanga. Wewe ulikuwa kazini. Naliamka nikawasha makaa. Miaka thelathini na sita kila Ijumaa namfukizia babako kanzu kabla hajaenda kuswali. Mkono hauulizi tena, wafanya wenyewe. Makaa yakashika, udi nishautia kwenye chetezo, ndipo nakumbuka. Mwenye kanzu hayupo. Nikasema basi nitazifukiza kanzu hivyohivyo, zikae. Nafungua kabati, hamna hata moja. Jamaludin alishazitoa. Na mimi mwenyewe siruhusiwi. Sasa moshi unatoka, niupeleke wapi?"

Nikaketi sakafuni, kando ya ile karatasi.

"Gari lilikuwa uani," akasema. "Na babako alikuwa akisema, likilala sana litakufa, liwashwe japo mara moja kwa wiki. Kuliwasha najua. Nikaliwasha, nikafungua boneti kama alivyokuwa akifungua yeye. Nikasogeza chetezo. Pale penye lile bomba, Raihana, nikaona moshi waingia. Hautawanyiki, wavutwa wote ndani. Nikasema, kumbe lavuta pumzi!" Macho yake yakang'aa kidogo kwa kulikumbuka. "Nikalishikia mpaka udi ukaisha. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Ijumaa kumi na nane. Na mimi nikisimama upande unakotoka upepo, harufu isinipate. Eda yangu sikuivunja, wallahi."

"Najua, Mama."

"Jana uliponionyesha ile namba, moyo ulinishtuka. Kisha nikajipa moyo kuwa moshi haulemazi chuma. Basi mimi ndiye niliyeliua gari lake."

"Hukuliua. Umelifukiza kupita kiasi."

Alicheka, na katikati ya kicheko akalia, nami nikalia naye. Miezi minne nilikuwa nimekaa nyumba ile kumlinda Mama asilie peke yake, na kila Ijumaa nilikuwa Port Reitz nikitafuta makontena ya watu.

Alhamisi mapema, kabla ya kwenda kazini, nilisimama mbele ya gereji. Benchi lilikuwa na watu wanne. Nikamsogelea Tinga, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimemkosea na naomba radhi.

Akapangusa mikono. "Jana ulinisema mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia. Leo waniomba radhi kwa kunong'ona?"

Haki yake. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ileile ya jana: "Enyi watu! Tinga hakuiba kitu! Eyaklina alitia mpya, sensa hakuigusa, na kosa lilikuwa la nyumbani kwetu! Mimi ndiye niliyemsingizia!"

Yule aliyekuwa akikohoa jana alikuwapo tena. Akapiga makofi. Tinga akacheka kwa mara ya kwanza, akasema atakuja alasiri.

Alikuja na kopo la dawa na eyaklina mpya. Akaupulizia ule waya mara tatu, akauacha ukauke kivulini, akairudisha sensa mahali pake. "Ile ya zamani tupa," akasema. Mimi nikachomeka kebo, mlango wa saba, ufunguo nikauzungusha. Nikaliwasha. Gari likakohoa mara moja, likatulia, likaanza kunguruma ule mngurumo wake wa zamani ambao nilikuwa nimeusahau. Namba ikapanda: moja nukta nne, moja nukta tisa, mbili nukta moja. Ikasimama hapo. Dakika mbili zikapita, tano, kumi. Nilimtazama Tinga, naye akaniinulia kidole gumba chenye grisi. Mama alikuwa nyuma ya pazia la dirisha; niliona vidole vyake vimelishika. Jioni hiyo jua lilizama, na eda ikaisha.

Ijumaa asubuhi Mama alioga, akavaa leso mpya chini ya buibui, akajifukiza kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Alijifukiza chumbani, mbali na gari, tukatazamana tukacheka. Alitoka na mfuko wa kitambaa, sikuuliza una nini, nikadhani ni halua ya shangazi. Akaketi kiti cha mbele, mahali pake, mfuko miguuni. Nikamwekea laptopu mapajani.

"Ukiona namba ile yashuka chini ya moja na nusu, niambie."

"Hino hapa?"

"Hiyo hiyo."

Hajui kusoma programu, lakini namba azijua. Kutoka Junda mpaka darajani, kutoka darajani mpaka kivukoni, hakuinua macho. "Mbili," anasema. "Sita. Kumi na moja! Mbona kumi na moja?" Namwambia ni kwa kuwa tumekimbia. "Aa, lapumua kwa nguvu." Watu aliokuwa hajawaona kwa miezi minne walipita nje ya dirisha, na yeye alikuwa akitazama pumzi za gari.

Kilichonitisha kilikuwa feri. Ukishaingia lazima uzime injini, na mkifika ng'ambo lazima uiwashe, na nyuma yako pana malori na maelfu ya watu wanaotaka kushuka. Gari likikataa pale, utatukanwa kwa lugha zote za nchi hii. Tulipokaribia Likoni nikautia ufunguo, nikasema bismillahi, Mama akasema bismillahi. Likawaka.

"Mbili nukta moja," Mama akasema.

Nikapanda ule mwinuko wa kutokea nikiimba. Sauti yangu ni mbaya na sikujali.

Bofu tulimkuta Bi Mwanaima amewekewa kiti mlangoni tangu saa moja. Alipoliona gari alianza kulia kabla halijasimama. Mama akateremka, akampigia magoti pale chini, wakakumbatiana na kulia kile kilio ambacho kilikuwa kimengoja miezi minne na siku kumi. Mimi nilisimama kando na laptopu kifuani, sina kazi.

Walipotulia, Mama akauvuta ule mfuko. Hamkuwa na halua. Alitoa kitu kilichofungwa ndani ya leso, akakifungua mapajani mwa wifi yake. Ilikuwa ile eyaklina niliyoambiwa niitupe, au tuseme kipande chake: imekatwa sawasawa kwa kisu cha jikoni, mikunjo yake ya rangi ya kahawa imepangwa vizuri.

Bi Mwanaima hajawahi kuona kitu kile maishani mwake. Hakuuliza ni nini. Alikiinua tu puani, na uso wake ukatulia.

"Hino ni kanzu ya Khamisi," akasema.

"Ni Ijumaa zake zote," Mama akasema. "Hicho ni chako. Kimoja nimejiwekea kabatini. Na hiki," akatoa kifurushi cha pili, kidogo, kimefungwa kwa leso nyingine, "ni cha Jamaludin. Zile nguo alizitoa zote, masikini, hakujiwekea hata kofia."

"Na changu, Mama?" nikauliza.

"Wewe si una kebo?"

Bi Mwanaima akacheka huku machozi yakimtoka. Nikaenda pembeni nikampigia Jamaludin. Wiki nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumsuta, mazuri, ya kumkaa moyoni mwaka mzima. Akapokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Limefika?" akauliza kwa ile sauti yake ya chini.

"Limefika," nikamwambia. "Ukitoka kuswali njoo nyumbani. Mama ana kitu chako."